Flashi Yangu Yamtii Adui

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hamjalifikia, ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mpiga picha. Niliacha kazi kwenye studio ya Bwana Lenzi, nikatoka kwa mbwembwe na mlango nikaubamiza, kisha nikafungua studio yangu mwenyewe kwenye sebule ya shangazi yangu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Msusi, yule mwenye saluni kubwa mtaani kwetu. Nikampiga picha za uchumba. Mliniacha pale alipozimwaga mezani.

"Dada," aliniuliza, "huyu ni mimi au ni yai lililomenywa?"

Na kweli lilikuwa yai. Flashi ikikaa juu ya kamera inampiga mtu usoni kama tochi ya mlinzi. Pua inalala, paji la uso linameremeta, na ukutani nyuma yake kinasimama kivuli cheusi kama mgeni ambaye hakualikwa.

"Nakupa nafasi ya mwisho," Msusi akasema. "Harusi yangu. Ukinimenya tena, nakutangaza saluni."

Kuna watu wanaogopa mahakama. Mimi naogopa saluni. Mahakamani angalau unasikilizwa kwanza.

Mmoja wenu, wasomaji, amenitumia ujumbe kunishauri ninunue taa kubwa za studio. Ahsante sana, kaka. Ukienda kujinunulia zako, nichukulie na mimi.

Msusi alipoondoka, shangazi alitoka jikoni. Muda wote huo alikuwa anaosha sufuria moja, ile ile, ili asipitwe na neno.

"Tatizo ni nini hasa?"

"Mwanga, shangazi. Unatakiwa utokee pembeni, tena juu kidogo, kama wa dirishani. Wangu unatokea hapo hapo kwenye kamera."

"Basi uondoe hapo uupeleke pembeni."

"Ndiyo hizo flashi za kusimama mbali na kamera. Zina stendi zake, zina miavuli yake, zina vidude vya kuziwashia kwa mbali. Ukiuliza bei yake, muuzaji anakuvutia kiti kwanza."

"Na nani kakutuma ukaulize huko? Nenda kwa Fundi Redio."

Fundi Redio ni mtu ambaye hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe. Kibanda chake kimejaa hadi yeye mwenyewe anakaa nje. Nilipomweleza shida yangu aliingiza mkono kwenye ndoo ya nyaya, akatoa flashi nyeusi, imechubuka kama goti la mtoto.

"Ya kampuni gani?"

"Imefutika."

"Inafanya kazi?"

Akanibonyezea usoni. Kwa kitambo nilimwona fundi mara mbili, wote wawili wanatabasamu.

"Sasa nitaiwashaje nikiwa mbali? Vile vidude vya kurushia mawimbi sivimudu."

"Huvihitaji. Unakiona hiki kijicho chekundu hapa mbele? Kikiona flashi nyingine imewaka, nayo hii inawaka papo hapo. Wewe iache ile ndogo ya kwenye kamera yako itoe mwanga kiduchu tu, kama mtu anayekonyeza. Hii ikikonyezwa, inaitika."

"Ikikonyezwa na nani?"

"Na yeyote."

Hapo mwenye akili angeuliza swali la pili. Mimi nikauliza kama ana stendi.

Stendi hakuwa nayo. Alikuwa na chuma cha kutundikia dripu, cha zahanati iliyofungwa zamani, chenye magurudumu chini. Gurudumu moja lilikuwa linalia.

"Utalitia mafuta," akasema Fundi Redio.

Nikalitia mafuta. Likaendelea kulia, sasa kwa sauti laini zaidi.

Ukabaki mwavuli. Flashi tupu, hata ukiiweka pembeni, bado ni kali. Lazima ipite kwenye kitu cheupe chepesi ili mwanga usambae na kutulia. Shangazi alikuwa fundi cherehani kabla magoti hayajagoma. Alichukua mwavuli wetu wa mvua uliovunjika mshikio, akauchuna kile kitambaa cheusi, akabaki na mbavu tupu. Kisha akaingia chumbani, akarudi na shumizi yake nyeupe.

"Shangazi! Shumizi yako?"

"Wewe unataka kitambaa cheupe chepesi au unataka mjadala?"

Akaikata, akaishona juu ya zile mbavu kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka kama mistari ya daftari. Lesi ya pindoni aliiacha. Alisema ni dhambi kukata lesi nzuri.

Jioni ile, jua likiwa bado linaingia mlangoni, nikamkalisha shangazi kwenye kiti ili nijaribu. Nikausukuma mtambo pembeni yake, nikauinua juu ya usawa wa macho, nikapiga. Kamera ikakonyeza, flashi ikaitika, shumizi ikajaa mwanga.

Nikatazama kwenye kioo cha kamera.

"Yai?" akauliza shangazi.

Nikamwonyesha. Mwanga ulikuwa umeshuka upande mmoja wa uso wake taratibu, ukaishia kwenye kivuli laini upande wa pili. Shavu lilikuwa shavu. Mikunjo ya macho ilikuwa ya mtu anayejua kucheka. Shangazi aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu alikuwa wapi siku zote?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kisha akakohoa, akainuka, akatangaza kwamba harusini tunakwenda wote. Shumizi ni yake, na shumizi yake haiendi harusini peke yake.

Siku ya harusi tukafika ukumbini mapema. Ukumbi ulikuwa na dari ndefu na madirisha mafinyu. Hata mchana ndani palikuwa na giza la kusinzia. Niliposukuma mtambo wangu, gurudumu likalia kutoka mlangoni hadi jukwaani, na wapambaji wote wakageuka.

Aliyegeuka wa mwisho alikuwa ameshika kamera kubwa yenye flashi kubwa juu yake.

Bwana Lenzi.

"Haa! Binti yangu!" akaita kwa furaha ya mtu aliyekuta embe limedondoka miguuni pake. Akautazama mtambo kuanzia magurudumuni hadi kwenye lesi. "Umekuja kupiga picha au bi harusi anaumwa, anawekewa dripu?"

Wapambaji wakacheka. Nakiri hapa gazetini: hata mimi ningecheka.

"Bosi, hii harusi ni yangu. Nimeitwa na bi harusi."

"Na mimi nimeitwa na mama mkwe wake. Mama wa bwana harusi hataki kubahatisha. Ameniambia maneno hayo hayo: sitaki kubahatisha."

Nikamtafuta Msusi kwenye chumba cha kuvalia. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu bado.

"Mama mkwe kaleta wa kwake, nifanyeje?" akasema. "Sijaingia hata kwenye ukoo, nianze ugomvi? Piga zako. Zikiwa nzuri, ndizo zitakazowekwa. Zikiwa mbaya..."

"Saluni."

"Umenielewa, dada."

Nikarudi ukumbini, nikamkabidhi shangazi mtambo. Kazi yake ilikuwa rahisi: kuusimamisha pembeni ya maharusi, kijicho chekundu kikinitazama mimi.

Maharusi wakaingia. Nikalenga, Msusi akatabasamu, na kabla sijabonyeza, pwaa! Flashi yangu ikawaka yenyewe.

Nikabonyeza. Giza. Flashi yangu ikishawaka inahitaji kuvuta pumzi kabla ya kuwaka tena, na ilikuwa bado inavuta. Nikasubiri, nikalenga tena. Pwaa! Nikabonyeza. Giza.

Nikageuka. Bwana Lenzi alikuwa amesimama upande wa pili, anapiga picha kwa raha zake. Kila flashi yake ilipowaka, kijicho chekundu kiliiona, na flashi yangu ikaitika. Kwake. Kwa heshima zote. Nilichangia mwanga, akapiga picha. Mimi niliambulia weusi.

Hapo nikakumbuka sauti ya Fundi Redio: na yeyote.

Na Bwana Lenzi akaligundua hilo. Nilimwona anatazama kioo cha kamera yake, anakunja uso, anatazama tena, kisha anautazama mwavuli wangu. Akapiga moja ya majaribio, ukutani. Flashi yangu ikawaka. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Binti," akaninong'oneza akipita, "huu mwanga wako ni mtamu. Sogeza kidogo kushoto."

Nikatamani sakafu inimeze, lakini kwanza immeze yeye.

Nikamkimbilia shangazi. "Shangazi, inawaka ikiona flashi ya Bwana Lenzi! Simama katikati. Mzibe. Kijicho kinione mimi, yeye kisimwone."

"Nimzibe na nini?"

"Na mgongo!"

Shangazi ni mwanamke aliyejaaliwa mgongo. Akasimama kati ya Bwana Lenzi na flashi, mikono kiunoni, mtandio umetandazwa kama pazia. Bwana Lenzi akapiga. Flashi yangu ikakaa kimya. Mimi nikapiga, ikaitika.

Wasomaji, niliipata ile ya pete. Msusi ameinamisha macho, mwanga unamteremkia shavuni kama maziwa, kidole cha bwana harusi kinaisukuma pete taratibu. Hapakuwa na yai. Palikuwa na mwanamke anayeolewa na mtu anayempenda. Macho yalinilowa, nikayafutia kwenye mkanda wa kamera.

Nikawa nasonga mbele vizuri. Pete, wazazi, keki. Kisha ukaja wakati wa kucheza, nikalenga, na pwaa!

Nikageuka kwa hasira. Shangazi alikuwa amesogea pembeni. Si kidogo. Alikuwa ameacha njia nyeupe kabisa, na Bwana Lenzi anapiga picha kama mfalme.

"Shangazi! Unammulikia adui!"

"Adui gani?" akasema bila kunitazama. "Baba wa watu kaniomba vizuri. Kasema, mama, tafadhali. Wewe tangu asubuhi unanipigia kelele tu. Zibe, sogea, zibe."

"Lakini shangazi..."

"Tena kanipiga na mimi moja, hapa nilipo na mtambo wangu. Kasema ataisafisha kubwa, ya kuweka ukutani. Kasema nina uso wa kupigwa picha." Akarekebisha mtandio. "Wewe uliniambia hivyo lini?"

Ni kweli sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimempiga picha nzuri kuliko zote maishani mwake, kisha nikamwambia ashike chuma.

Ikabidi nitumie akili. Nikaacha kushindana. Bwana Lenzi akipiga, nahesabu kimoyomoyo hadi flashi ivute pumzi, kisha napiga mimi kabla hajalenga tena. Yeye, mimi, yeye, mimi, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Baada ya muda hata yeye akawa ananisubiri. Aliinua kidole kuonyesha kwamba amemaliza, zamu yangu. Nilipokuwa kwake hakuwahi kunisubiri hata nimalize sentensi.

Wageni walipoketi kula, nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi kupitia picha zangu. Zilikuwa nzuri. Za mwanzo zilikuwa giza, sawa, lakini zilizobaki zingeweza kutundikwa saluni yenyewe. Shangazi alikuwa pembeni yangu, viatu amevivua, anapunga hewa kwa kadi ya mwaliko.

Bwana Lenzi akatokea mlangoni. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Binti yangu."

"Bosi."

"Kadi yangu ya picha haisomi."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Haisomi vipi?"

"Haisomi. Nimeitoa, nimeipuliza, nimeirudisha. Kamera inasema hakuna kitu. Picha zote za tangu asubuhi zimepotea." Akakaa kwenye ngazi ya chini yangu, yeye aliyekuwa anakaa kwenye kiti cha kuzunguka. "Yule mama mkwe anataka kuona picha sasa hivi, kwenye ile skrini ya ukumbini. Nimemwambia ninazipanga."

Nakiri, wasomaji, kwamba kitu fulani kilipiga vigelegele ndani ya kifua changu. Nilikumbuka dripu. Nilikumbuka sogeza kidogo kushoto.

"Pole sana, bosi," nikasema, kwa sauti tamu kiasi kwamba shangazi aligeuka kunitazama. "Kazi ni ngumu."

"Nisaidie na picha zako. Tuseme tulifanya kazi pamoja. Si uongo, mwanga ulikuwa wako na... na zamu tulipeana."

"Bosi, wewe ulisema mama mkwe hataki kubahatisha. Mimi si ndiyo ile bahati nasibu?"

Aliitazama kamera yake mapajani, mkono wake mmoja unaifuta pale ambapo hapakuwa na vumbi.

"Usimtese baba wa watu," akasema shangazi.

"Na yeye asubuhi alikuwa ananifanyia nini? Ananibembeleza?"

"Nakwambia usimtese."

"Shangazi, hizi picha ndizo kazi yangu! Nikimpa, kesho mtaa mzima utasema Bwana Lenzi kapiga harusi ya Msusi. Mimi nitarudi kumenya mayai."

Bwana Lenzi akainua kichwa. "Mayai gani?"

"Hayakuhusu!"

Nikaweka kamera juu ya ngazi, nikaenda bombani kunawa uso. Nilikuwa nawaka. Lakini maji ya baridi yana namna yake ya kumwambia mtu ukweli. Akilini nilimwona tena Bwana Lenzi amekaa ngazi ya chini. Nikawaza: niweke masharti. Jina langu litangulie, lake lifuate, na atangaze mwenyewe mbele ya mama mkwe na kipaza sauti mkononi. Ndiyo. Na kwa kuwa alinisubiri zamu zangu, nimlipe kwa hilo. Nikajifuta, nikarudi nimeshaandaa hotuba.

Ngazini hapakuwa na mtu.

Kamera yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha, imefunikwa mtandio wa shangazi ili isipigwe na jua. Nikashukuru kwa hilo. Kisha nikaona kimlango chake cha pembeni, cha kuwekea kadi, kiko wazi. Nikakiangalia ndani. Mahali pa kadi palikuwa patupu.

"Shangazi?"

Nikazunguka ukumbi nusu mbio. Kwenye geti la nyuma gari la Bwana Lenzi lilikuwa linatoka taratibu, linaipisha pikipiki. Dirishani, kiti cha mbele, alikuwa shangazi yangu, peku, mkanda wa gari umefungwa sawasawa, anamwambia jambo dereva huku mkono wake unakata hewa kama mtu anayeelekeza njia. Bwana Lenzi anaitikia kwa kichwa. Na wasomaji wangu, shangazi alikuwa anacheka.

"Shangazi!"

Gari likakunja kona.

Nilibaki getini nimeshika kamera isiyo na kitu. Nyuma yangu nikasikia visigino, na mburuzo wa gauni refu juu ya kokoto. Sikutaka kugeuka. Nikageuka. Msusi alikuwa amekunja gauni mkononi, anang'aa. Kando yake alisimama mama mkwe, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama rula.

"Dada, watu wamemaliza kula," akasema Msusi. "Skrini imewashwa. Mama anasema mpiga picha wake haonekani, basi tuanze na zako. Ziko wapi?"

Mama mkwe akanitazama mimi, akaitazama kamera, akakitazama kile kimlango kilicho wazi.

"Zimetangulia," nikajibu.

"Zimetangulia wapi?" akauliza mama mkwe.